Mama mkubwa alifunga siku mbili kwa ajili ya kipimo cha nyongo

Simu iliingia saa 2 na dakika 20 asubuhi, siku ya Jumatano, nikiwa katikati ya kugawa dawa wodini. Namba ilikuwa ngeni. Kijana wa upande wa pili alijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa mionzi katika idara ya tiba ya nyuklia ya hospitali moja ya Dar es Salaam, akauliza kama mimi ndiye nesi niliyemwandaa mama mmoja kutoka Bahi. Nikasema ndiyo, na zaidi ya hapo ni mama yangu mkubwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, huyu mama hajatia kitu mdomoni tangu juzi usiku. Leo hatuwezi kumpima."

Nilimaliza kugawa dawa, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini na kuanza kuhesabu kwa vidole. Jumatatu saa 1 usiku hadi Jumatano saa 2 asubuhi. Masaa 37. Mwanamke wa miaka 61, mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, amepanda Noah kutoka kijijini hadi Dodoma mjini, akapanda treni ya umeme hadi Dar, akalala kwa kaka yangu Tabata ambako shemeji alimpikia wali na samaki, naye akausogeza pembeni akisema, "Nesi kasema nisile."

Ni kweli nilisema. Nilimpigia Jumapili jioni, mtandao ukikatika-katika, na sentensi yangu ilikuwa moja: "Mama mkubwa, usile kitu kabla ya kipimo." Yeye ni mtu wa kanisani, amezoea kufunga na kuomba, na jambo likiwa zito hufunga zaidi. Akaona kama kutokula kunasaidia kipimo, basi kutokula sana kutasaidia sana. Sikumwambia aanze saa ngapi. Sikumwambia kuna kufunga kunakozidi. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 14, na wagonjwa wa rufaa nawaandaa kila wiki.

Ndiyo maana naandika. Watu wengi wa Dodoma, Singida na Manyara wanaotumwa kwenye kipimo hiki husafiri mbali, na maandalizi yao huanzia nyumbani, kwenye simu, mbali na macho ya mtaalamu yeyote. Kipimo kinaweza kuharibikia huko huko nyumbani kabla mgonjwa hajafika kwenye mashine.

Nieleze kwanza kilichompeleka. Kwa mwaka mzima mama mkubwa alikuwa akila chakula chenye mafuta, baada ya nusu saa anashikwa na maumivu upande wa kulia, yanapanda hadi bega. Alipimwa vidonda vya tumbo, akatibiwa vidonda vya tumbo. Akafanyiwa altrasaundi: hakuna mawe kwenye mfuko wa nyongo. Altrasaundi inaonyesha umbo. Mawe ikiyakuta itayaonyesha, na ukuta ukiwa mnene utaonekana. Kazi ya mfuko ni habari nyingine: unajaa? ukitakiwa kukamua nyongo, unakamua? Daktari alitaka kujua hilo, na kipimo kinachojibu swali hilo moja kwa moja ni cha nyuklia.

Wazee wetu nawaeleza kwa mbuzi. Ukiwa na kundi lako machungani, vichaka vimefunga, huoni mbuzi hata mmoja, lakini yule wa mbele umemvalisha kengele shingoni. Unakaa juu ya jiwe, unasikiliza. Kengele imeteremka korongoni, imevuka, imefika kwenye malambo. Kama imesimama mahali pamoja muda mrefu, unajua kuna kitu kimewazuia. Dawa anayodungwa mgonjwa kwenye mshipa wa mkono ndiyo huyo mbuzi. Ini huichukua kutoka kwenye damu kama linavyochukua bilirubini, ile rangi ya manjano, kisha huimwaga kwenye mirija ya nyongo. Sehemu yake huingia kwenye mfuko na nyingine huteremka kwenye utumbo. Kengele ni mionzi ya tekneti-99m iliyobandikwa kwenye dawa hiyo. Kamera iliyo juu ya tumbo yenyewe haitoi mionzi yoyote. Kazi yake ni kusikiliza.

Babu mmoja wa Mvumi alinielewa haraka kuliko madaktari wanafunzi. Akauliza, "Na kengele hiyo anaivua lini?" Swali zuri kabisa. Nguvu ya tekneti-99m hupungua kwa nusu kila masaa 6. Baada ya siku nzima imebaki sehemu moja ya 16, na hapo hujahesabu iliyotoka chooni.

Hata namna inavyopatikana inawagusa wafugaji. Tekneti hii haiwezi kukaa stoo kama panadol. Hospitali huletewa chombo kizito chenye kinga ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ndani yake mna molibdeni-99, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila masaa 66 na ambayo, inapochakaa, huzaa tekneti. Kila asubuhi wataalamu hupitisha maji ya chumvi ndani ya chombo na kuitoa tekneti iliyojizalisha. Duniani kote watu wa fani hii huita kazi hiyo kukamua, na chombo hukiita ng'ombe. Sisi hatuna kinu cha kuzalisha molibdeni, kwa hiyo ng'ombe huyo huja kutoka nje ya nchi, kwa vibali vya Tume ya Nguvu za Atomu, na akifika maziwa yake huanza kupungua siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa anayefika akiwa hajaandaliwa vizuri anapoteza zaidi ya nafasi yake kwenye foleni. Dozi iliyokamuliwa kwa ajili yake asubuhi ile haihifadhiki hadi kesho.

Sasa turudi kwenye njaa.

Mfuko wa nyongo ni ghala dogo. Ukila, hasa mafuta, utumbo hutoa homoni inayouamuru ujikamue. Usipokula, unatulia na kujaa. Mgonjwa akipimwa akiwa ametoka kula, mfuko uko kwenye kukamua, na dawa haipati nafasi ya kuingia. Kwa hiyo tunamwambia afunge: masaa 2 ndicho kiwango cha chini, na 4 hadi 6 ndiyo bora. Hiyo ndiyo nusu ya maelezo ambayo kila mtu anaijua.

Nusu ya pili ndiyo iliyonishinda Jumapili ile. Mtu akikaa zaidi ya masaa 24 bila chakula, mfuko unajaa hadi pomoni na nyongo iliyomo inakuwa nzito kama mlenda uliolala. Dawa ikija inakuta debe limejaa. Haiingii. Kwenye picha ini linaonekana, mirija inaonekana, utumbo unaonekana, mfuko hauonekani. Na mfuko usioonekana, kwenye kipimo hiki, ndiyo dalili yenyewe ya mrija wake kuziba, yaani uvimbe mkali wa mfuko wa nyongo, jambo linaloweza kumpeleka mtu chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Mtu mwenye njaa tu anaweza kusomeka kama mtu mwenye mrija ulioziba. Kwa wagonjwa walioko wodini ambao hawajala kwa siku kadhaa, au wanaolishwa kwa mshipa, kuna dawa iitwayo sinkalaidi inayoiga ile homoni: mgonjwa hudungwa kwanza ili mfuko umwage ulichonacho, kisha kipimo kinaanza. Pasipo na sinkalaidi, njia iliyobaki ni chakula, na kusubiri.

Yule kijana wa Dar aliyagundua yote haya kwa swali moja, na ningependa kila anayewaandaa wagonjwa alishike kama lilivyo. Hakuuliza "Umekula?" Alisema, "Mama, shikamoo. Mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa lini?"

Tofauti ni kubwa kwa Kiswahili chetu. Kwetu, kula ni ugali, na labda wali. Ukimuuliza mtu asubuhi "Umekula?" atakwambia hajala, na ni mkweli, amekunywa chai tu. Chai hiyo ilikuwa na maziwa, na chapati mbili, na pengine maharage ya jana. Uji unanywewa. Maziwa ya mgando yananywewa. Karanga zinatafunwa njiani kupoteza muda. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mtu wa Chamwino atakiita kula, na vyote vinaukamua mfuko wa nyongo. Nimewahi kumpokea baba mmoja aliyeapa hajala, kumbe alikunywa nusu lita ya maziwa getini dakika 40 kabla. Hakudanganya, sisi ndio tuliouliza vibaya.

Mama mkubwa alijibu lile swali kwa fahari: "Jumatatu usiku, baba." Kijana akaweka kalamu chini.

Kisha akauliza habari ya dawa. "Natumia panadol tu," akasema. Kijana akaomba kuiona. Hapo mama mkubwa akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Fundo hilo ninalijua tangu utotoni, ndimo alimokuwa akitutolea hela ya maandazi. Safari hii mlikuwa na noti mbili zilizokunjwa kama tambi na kipande cha karatasi ya dawa chenye kapsuli tatu. Alirudi nacho Dodoma, ninacho hadi leo kwenye droo yangu. Kimekatwa na mkasi pande zote nne, kama maduka mengi ya dawa yanavyokata ili kuuza kidogo kidogo, na mkasi umepita katikati ya jina. Kilichobaki ni herufi tatu tu: DOL.

Panadol inaishia na DOL. Tramadol, dawa kali ya maumivu, pia. Lakini panadol anayoijua yeye ni kidonge cheupe kikavu, na hizi zilikuwa kapsuli. Aliuziwa kijijini aliposema maumivu yamezidi, akapewa bila cheti na bila jina, naye akalisoma jina alilolizoea. Njaa ilimzidishia maumivu ile safari, na saa 11 alfajiri, kule Tabata, akameza moja kwa funda la maji. Kwake kidonge si chakula, kwa hiyo hakuona amevunja sharti lolote.

Tramadol, kodeini, pethidini na morfini ni jamii moja, na jamii hiyo ina tabia ya kuubana ule mlango mdogo ambapo nyongo huingilia utumboni. Mlango ukibanwa, dawa yenye mionzi inajikusanya juu, inachelewa kuteremka, na picha inafanana na mrija mkuu wa nyongo uliozibwa na jiwe. Tena hata mfuko wenyewe hukamua kwa uvivu. Mama mkubwa angeingia kwenye mashine siku ile akiwa na makosa mawili yanayovuta pande mbili: njaa ingesema mrija wa mfuko umeziba, na kapsuli ingesema mrija mkuu umeziba. Hakuna hata moja lililokuwa kweli.

(Wataalamu wenyewe huitumia tabia hii kwa makusudi. Mfuko usipoonekana baada ya saa nzima, humdunga mgonjwa morfini kidogo. Mlango ukibana, nyongo husukumwa kurudi upande wa mfuko, na ndani ya nusu saa wanapata jibu ambalo vinginevyo wangelisubiri hadi masaa 3 au 4. Dawa ileile, lakini mkononi mwa anayejua anachofanya na saa anayoitoa.)

Dawa hizi ziachwe angalau masaa 6 kabla, na zile zinazokaa mwilini muda mrefu, tramadol ikiwemo, siku nzima. Maumivu yakimshika mgonjwa katikati, parasetamoli ya kawaida haina tatizo. Ila haya yote hayana maana kama hatujui anachomeza, na njia pekee ninayoiamini sasa ni kuona kwa macho. Kuna dawa nyingine zinazogusa kazi ya mfuko, atropini kwa mfano, na baadhi ya dawa za presha, ambazo mgonjwa hapaswi kuziacha kwa kujiamulia. Siulizi tena "Unatumia dawa gani?" Nasema, "Fungua mkoba, mama. Fungua na fundo."

Tena fundo lenyewe ni jambo la kuangalia. Bibi zetu hulifunga kiunoni, na sarafu zake hukaa juu kabisa ya pale kamera inapotaka kusikiliza. Chuma huzuia mionzi kufika kwenye kamera na kuacha doa jeusi kwenye picha. Vivyo hivyo simu iliyowekwa kifuani, pini ya kitenge, mkanda wenye bizimu kubwa. Ni mambo madogo, yanamalizwa kwa dakika moja mlangoni.

Safari ndiyo inayonisumbua zaidi kwa watu wa kanda yetu. Mgonjwa anayekaa Ilala akipangiwa saa 2 asubuhi, atakula saa 2 usiku, atalala, ataamka, ataenda. Mgonjwa wa Bahi au Kondoa au Mpwapwa anaianza safari jana yake au juzi yake, na wengi hawali safarini hata kama hawaumwi, kwa kuogopa kuharisha au kutafuta choo. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa fupi, masaa matatu na kidogo, lakini bado kuna kutoka kijijini, kuna kusubiri stesheni, kuna foleni ya Dar kutoka stesheni hadi kwa mwenyeji. Ukijumlisha, mtu anaweza kupitisha siku nzima bila chakula hata kabla hajaanza kufunga rasmi. Kwa hiyo mimi sasa sianzi na "usile". Naanza na "kula". Kula mchana ukiwa safarini. Kula chakula cha usiku, cha kushiba, saa 2 au saa 3. Baada ya hapo maji tu hadi upimwe.

Na saa naitaja kwa maneno. Kuna karatasi za miadi zinazoandikwa 08:00, na mtu aliyezoea saa zetu akasoma saa 8 mchana. Amefika baada ya chakula cha mchana, akiwa ameshiba vizuri na amechelewa masaa sita. Andika: saa mbili asubuhi. Kwa maneno, siyo kwa tarakimu.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake, na kule Kondoa hilo ni jambo la kila mwaka. Wengi hudhani mfungaji ndiye aliyejiandaa bora kuliko wote. Inategemea. Aliyekula daku saa 10 alfajiri na kupangiwa saa 4 asubuhi ana masaa 6 kamili, hakuna kilicho bora zaidi. Aliyelala bila daku, futari yake ikiwa ya jana magharibi, bado yuko ndani ya siku moja. Tatizo huja pale sehemu ya pili ya kipimo inapohitaji mgonjwa anywe maziwa ili mfuko uonekane ukikamua. Hapo swaumu yake itavunjika, na anastahili kuambiwa wakati wa kupanga tarehe, aamue mwenyewe kama aje siku hiyo au baada ya Idi. Kumwambia akiwa tayari amelazwa chali ni kumkosea heshima.

Wenye kisukari wanaotumia insulini wasiambiwe kufunga bila kuambiwa la kufanya na sindano ya asubuhi. Waulize daktari wao kabla ya kusafiri, na wapangiwe wa kwanza kwenye orodha. Mjamzito, au anayehisi anaweza kuwa mjamzito, aseme. Anayenyonyesha aseme pia, mapema, ili kama ataambiwa akamue maziwa ya akiba awe na muda wa kuyakamua. Watoto wachanga wenye manjano yasiyoisha wana maandalizi yao tofauti kabisa: hupewa fenobabitoni kila siku kwa siku 3 hadi 5 kabla ya kipimo ili ini lisukume nyongo kwa nguvu, la sivyo ini lililochoka linaweza kusomeka kama mirija isiyokuwepo. Mama wa mtoto wa namna hiyo akiruka dozi mbili kwa sababu mtoto "amelala vizuri", asafiri na ukweli huo mdomoni na autaje mlangoni. Hakuna atakayemgombeza, au asiwepo wa kumgombeza.

Na kuna hofu. Neno nyuklia limetufikia na mabomu, na neno mionzi limetufikia na saratani. Mama mkubwa hakuniambia, lakini mdogo wake aliniambia baadaye: alipofunga, sehemu ya maombi yake ilikuwa arudi akiwa hai. Alidhani anaenda kuchomwa. Mimi nilikuwa na dakika nne za simu na nikazitumia zote kwenye tarehe na nauli. Ningemwambia kwamba ni sindano moja ndogo kwenye mshipa, kwamba haichomi, haimwangushi mtu nywele, kwamba mionzi yake inalingana takriban na ile ambayo kila mmoja wetu hupokea kwa mwaka mmoja kutoka ardhini na angani, labda angekula ule wali wa shemeji. Sijui jinsi ya kuitenganisha hofu yake na njaa yake. Nadhani ilikuwa kitu kimoja.

Yule kijana hakumrudisha Bahi. Alimtoa mwenyewe hadi kwenye kibanda karibu na geti, akamwagizia chai ya maziwa na chapati, akamwambia ale mbele yake. Akamwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: LEO MCHANA KULA. LEO SAA MBILI USIKU KULA. BAADA YA HAPO MAJI TU. KAPSULI USIMEZE. Karatasi hiyo nayo ninayo. Akampangia Alhamisi saa 4 asubuhi, masaa 29 baada ya ile kapsuli ya Tabata.

Alhamisi alilala chali kwa muda wa saa nzima na zaidi. Kwa mwanamke aliyeinama shambani maisha yake yote, kulala kwenye kitanda chembamba bila kujigeuza ndilo lililokuwa gumu kuliko sindano, na walimwekea mto chini ya magoti. Alimwomba kijana ruhusa ya kuimba moyoni. Kijana akamwambia aimbe, ila kifua kisitikisike. Dakika chache baada ya sindano ini liliwaka lote kwenye skrini. Mfuko ukaanza kuonekana kabla ya saa kwisha, kijidoa kwanza, kisha kikajaa. Mrija wake ulikuwa wazi. Utumbo nao ukaonekana. Ile picha ya uongo ambayo ingechukuliwa Jumatano haikuwepo.

Kisha wakampa maziwa yenye mafuta ya kutosha ili waone mfuko ukikamua. Yeye anafuga, akayaonja na kutamka kwamba yamechanganywa na maji, lakini akamaliza. Wanaotumia sinkalaidi kwa saa nzima huhesabu kuwa mfuko mzima hutoa angalau asilimia 38 ya ulichonacho. Kwa maziwa kila idara hufuata kiwango chake. Wa mama mkubwa ulitoa kidogo sana kwa kiwango chochote. Ulijaa vizuri, ukakataa kumwaga. Mwaka mzima wa maumivu ambayo altrasaundi haikuyaona, na watu wawili waliomwambia ni mawazo, ulipata jina siku hiyo.

Daktari wa upasuaji hapa Dodoma amekaa naye, amemweleza faida na hasara za kuutoa, naye ameomba avune kwanza.

Wiki iliyopita nilimpigia mzee mmoja wa Kondoa aliyepangiwa Jumanne. Nilikuwa na karatasi mbili mbele yangu, ile ya herufi tatu na ile ya herufi kubwa. Nikamwamkia, nikamweleza mbuzi na kengele, nikamweleza saa kwa maneno, nikamwambia ale. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwomba anirudishie, kwa maneno yake, atakachofanya Jumatatu usiku.

"Nitakula ugali wangu saa tatu," akasema, "halafu maji. Lakini mwanangu, kahawa je? Kahawa hailiwi."

"Babu, kahawa nayo subiri hadi utoke."

"Na tangawizi?"

Tulikaa kwenye simu dakika 19.